Filimbi Isiyokuwa Yangu

Mlango wa chumba cha waamuzi ulikuwa wa mbao nyepesi, na komeo lake lilikuwa mgongo wangu.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na wengine mkanipigia simu kunilaumu kwamba nakatisha uhondo. Poleni. Hata mimi ningependa siku ile ikatikie hapo hapo, lakini waliokuwa nje hawakuwa wasomaji wa gazeti.

Kwa aliyekosa sehemu zilizopita, mimi ni Asnath, Mpare wa Same, mwalimu wa sekondari hapa Kasingirima na mwamuzi wa soka mwenye beji halali. Jumamosi ile nilichezesha mechi ya Mwalo FC ya Kibirizi na Wana Ujiji. Wana Ujiji walihitaji ushindi ili wapande daraja. Mwalo iliwatosha sare tu. Katika dakika za majeruhi Wana Ujiji wakafunga, nami nikalikataa goli.

Nililikataa kwa sababu kabla mpira haujavuka mstari, filimbi ililia, na haikuwa yangu. Ilitoka kwa watazamaji, nyuma ya goli la Mwalo, ndefu na kali. Mabeki wote wa Mwalo wakasimama wima kama wanaopigiwa wimbo wa taifa. Kipa naye akasimama. Mshambuliaji wa Ujiji akapita katikati yao na kufunga anavyotaka.

Sheria iko wazi. Mtazamaji akipuliza filimbi na mchezo ukavurugika, mwamuzi anasimamisha mpira na kuudondosha upya. Nikafanya hivyo. Lakini mashabiki wa Ujiji walikuwa upande wa pili wa uwanja, na ngoma zao na mavuvuzela yao, hawakusikia kitu. Walichoona wao ni goli safi na mwanamke mwenye kipyenga akilifuta.

Basi turudi mlangoni.

Ndani tulibaki wawili, mimi na Nickson, mshika kibendera wangu wa upande ule wa goli. Mwenzake wa upande wa pili alishatimua mbio. Kamisaa wa mchezo, mzee mzima mwenye kitambi, aliruka ukuta ambao kijana angeufikiria mara mbili.

Nickson alikuwa amesukuma benchi akaliegemeza mlangoni, sasa anahema. Nikamuuliza kama na yeye aliisikia.

"Nimeisikia, dada," akasema. "Imetoka nyuma ya wavu. Popote watakaponiita nitasema."

Niliyashika maneno yale kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo kisimani.

Kiongozi wa mashabiki wa Ujiji anaitwa Hamdani. Ni seremala, na seremala anajua mlango unafia wapi. Wenzake walikuwa wanapiga mateke katikati. Yeye akawasogeza, akatia chuma kwenye bawaba ya juu, halafu ya chini. Mlango ukalala juu yangu, mimi chini yake, na wao wakaingia kwa kunikanyaga juu ya ubao.

Hamdani akauondoa ule ubao kwa heshima zote, kama mtu anayefunua sufuria.

"Refa," akasema, "leo utatapika ulichokula Kibirizi."

Nikamwambia sijala kitu. Teke la kwanza likanipata ubavuni, nikasikia kitu kinaachia ndani. La pili likanipata mdomoni. Jino langu la mbele sikulimeza, nililitema kwenye kiatu chake. Mtu akanishika nywele, mwingine akanichania fulana, wa tatu alikuwa anapiga picha na simu. Huyu wa simu ndiye ninayemchukia kuliko wote mpaka leo.

Nikaupata mkono wa Hamdani karibu na uso wangu. Nikaung'ata, na sikuuachia mpaka nikaonja damu. Akalia kwa sauti nyembamba, halafu akaomba mguu wa benchi. Walikuwa wameshalivunja. Wakampa.

Ule mguu wa benchi ulikuwa wangu. Nawaambia ukweli, ulikuwa unakuja kichwani kwangu, nami niliuona. Nickson akajitupa juu yangu. Mlio niliousikia ni wa kichwa chake, na uzito wake wote ukanilalia, na kitu cha moto kikaanza kunitiririkia shingoni. Nilidhani ni jasho.

Waliendelea kumpiga hata baada ya kuwa hajitikisi. Ni mabomu ya machozi ya polisi yaliyowatoa. Tuliondoka uwanjani ndani ya gari la polisi, kichwa cha Nickson mapajani mwangu, na mawe yanagonga bati njia nzima.

Hospitali walisema fuvu limepata ufa na hakuna anayejua ataamka lini. Mimi nilifungwa ubavu, nikapewa vidonge, nikaambiwa niende nyumbani nikapumzike. Sikwenda. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka mkewe alipofika kutoka Ujiji.

Anaitwa Semeni. Ni mwanamke mpole, chai yake nimeinywa mara nyingi, na asubuhi ya mechi ile ile nilikuwa kwake na Nickson tunakula maandazi. Nikasimama nimkumbatie. Akanizaba kofi upande ule ule uliotoka jino.

"Umekula peke yako," akasema, "na kipigo umemwachia mume wangu."

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ndivyo watu wanavyoamini, na mji mzima ulishaamini. Mama mwenye nyumba wangu, Scola, alinitolea godoro nje kwa sababu madirisha yake yalikuwa yamevunjwa kwa mawe. Mkuu wa shule akanishauri nisionekane shuleni kwa usalama wa wanafunzi. Na simu ikaja kutoka kwa wenye ligi. Nimesimamishwa. Kamati ingekaa Alhamisi hapa hapa Kigoma, na shitaka langu ni kupanga matokeo. Nikitiwa hatiani sitashika kipyenga tena maisha yangu yote, na faili langu linakwenda polisi.

Nilichohitaji ni kitu kimoja tu, mtu wa kusimama mbele ya kamati na kusema aliisikia filimbi ile. Bila huyo, ilikuwa filimbi ya kichwani mwangu.

Watu wanatutania sisi Wapare kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Ni kweli, na sioni aibu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nickson alikuwa hana fahamu, lakini kulikuwa na mtu mwingine aliyeijua filimbi ile vizuri kuliko wote. Ni yule aliyeipuliza, na mimi nilimwona. Nilipogeuka kutafuta ilikotoka, nyuma ya wavu alikuwepo mtu mrefu mwenye koti la mvua la manjano, na mkono wake ulikuwa bado mdomoni.

Jumanne asubuhi nikapanda bodaboda kwenda Kibirizi.

Kumbukeni zilikuwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliwi, kwa sababu taa za wavuvi hazishindani na mwezi. Kwa hiyo mitumbwi yote ilikuwa imelala mwaloni, kwenye forodha ya wavuvi, na wanaume wote wa Kibirizi walikuwa nchi kavu, wamelewa au wamechoka kulewa. Kama mechi ile ingepigwa wiki ya giza, nusu yao wangekuwa wanalala mchana na yasingetokea haya. Aliyepanga ratiba hajawahi kukaa Kibirizi.

Koti la manjano nililiulizia kwa mtu mmoja tu. Akanionyesha kwa kidevu. Ni Gervasi, nahodha wa uvuvi, mwenye mitumbwi na mlezi wa klabu, na nusu ya wachezaji wa Mwalo ni vijana wa mitumbwi yake.

Nilimkuta kwenye chanja za kuanikia dagaa. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akaniangalia mdomo uliovimba, akanisalimu kwa Kiha, kwa sauti ya chini, "Mwakeye, mwalimu. Umekuja na polisi?"

Nikamwambia nimekuja na ubavu mmoja uliovunjika.

Hakukataa. Hilo ndilo lililonishangaza. Alinivuta nyuma ya chanja akanieleza kama anayeeleza ugonjwa. Ziwani usiku, injini inaunguruma, upepo unapiga, mtu hasikii sauti ya mwenzake. Kwa hiyo nahodha anasema kwa filimbi. Akipuliza moja ndefu, kila mtu anashikilia kamba hapo hapo alipo, asivute wala asiachie, mpaka asikie fupi mbili. Asiyetii anaweza kuzamisha wenzake, na vijana wake wamefundishwa hilo kwa makofi tangu wadogo.

"Niliona wanayumba," akasema. "Ujiji wanakuja, vijana wangu wanayumba. Nikasahau niko wapi. Nikapuliza washikilie."

"Washikilie nini, nahodha? Mpira una kamba?"

Akainamisha kichwa. Nilitaka kumcheka na kumpiga kwa wakati mmoja. Mtu mzima alitaka kuwatia nguvu watoto wake, akawagandisha mbele ya goli kwa mkono wake mwenyewe.

Nikamwambia aje Alhamisi aseme hivyo hivyo. Akatikisa kichwa. Kamati ikijua filimbi ilitoka kwa mlezi wa klabu, Mwalo watanyang'anywa mchezo na Ujiji watapanda. Wakipanda Ujiji, mitumbwi yake itachomwa moto na watu wake mwenyewe. Akaniomba ninyamaze kwa jina la Imana, Mungu wao Waha. Alisema mimi ni mtumishi wa serikali, nitahamishiwa kwingine na mambo yataisha, lakini yeye makaburi ya kwao yako pale.

Hapo nikakosea. Hasira zilinipanda, nikapaza sauti.

"Nickson amelala hajitambui kwa ajili ya filimbi yako. Alhamisi nitakutaja kwa jina, uje usije."

Mwalo mzima ulisikia. Elikana, kipa wa Mwalo, alikuwa anashona wavu hatua chache kutoka pale. Akauweka chini. Akaja na wenzake, hawakuniuliza jambo. Mmoja akanishika mikono, wawili miguu, Elikana akanishika shingo, wakanibeba kama gunia mpaka majini. Nilipiga kelele. Walikuwepo wapagazi, walikuwepo akina mama wa dagaa, hakuna aliyeinuka.

Wakanizamisha kichwa. Wakanitoa. Elikana akaniuliza kama bado nina jina la kutaja. Nikamtemea maji usoni. Wakanizamisha tena, na safari hii nikajua hawana mpango wa kunitoa. Ubavu ulikuwa unawaka moto. Niliufungua mdomo nikameza ziwa.

Ndipo nikaisikia. Filimbi, moja, ndefu, hata chini ya maji ikanifikia.

Gervasi alikuwa amepuliza ili kuniokoa. Lakini nimeshawaambia moja ndefu maana yake nini. Vijana wale hawakunizamisha zaidi wala hawakunitoa. Walishikilia. Walisimama pale kama walivyosimama Jumamosi, mikono imekaza, na kichwa changu kiko chini. Yule mzee kwa kihoro chake alikuwa amerudia kosa lile lile, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa kamba.

Sijui ilipita muda gani. Mtu anayekufa maji hana saa. Nilisikia fupi mbili, na mikono yote ikaniachia kwa pamoja.

Nikatoka kwa kutambaa, nikatapika mchangani. Mama mmoja muuza dagaa, Veneranda, akanifunika kitenge chake na kunipigapiga mgongo. Nilipopata pumzi nikawageukia wote waliokuwa pale nikawauliza kama wameona jinsi vijana wanavyosimama wakisikia filimbi ile. Kama wameona, waje wakaiambie kamati.

"Tumeona, mwalimu," Veneranda akasema kwa upole. "Ila huko kwa wakubwa hatukuona."

Lakini Gervasi alikuja akachuchumaa mbele yangu, vijana wake wanamwangalia. Akaniambia ametaka kuua mtu mara mbili kwa filimbi moja, na kwamba inatosha. Alhamisi angekuja, angesema alipuliza yeye. Elikana akatema mate mchangani na kuondoka.

Nilimwamini. Nililia kwa furaha juu ya bodaboda, nimelowa chapachapa, jino sina, na yule kijana wa bodaboda akadhani nimefiwa.

Jumatano heri ikaongezeka. Nickson akaamka. Semeni hakuniruhusu kuingia wodini, lakini muuguzi aliniambia anaongea na anakula uji, na kamati imeomba apelekwe kesho yake kama daktari ataruhusu. Nikahesabu nina mashahidi wawili, na nikalala kanisani nilikohifadhiwa, usingizi wa mtoto.

Alhamisi mji ulikuwa umegawanyika barabarani. Upande huu wa ukumbi mashabiki wa Ujiji, upande ule watu wa Kibirizi, katikati polisi na ngao. Bajaji yangu ilipigwa jiwe kwenye kioo kabla haijasimama. Hamdani alikuwepo, mkono umefungwa bandeji pale nilipomng'ata, na aliponiona akauinua juu watu wake wauone. Wakashangilia. Nikaingia ndani nikiwa na vioo kwenye nywele.

Mwenyekiti wa kamati anaitwa Feliksi, wakili, mtu wa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akamwita Nickson.

Aliingia ameshikwa mkono na Semeni, kichwa chote bandeji, jicho moja limefumba. Nilitaka kusimama nimpokee. Hakuniangalia.

Mwenyekiti akamuuliza kama siku ile alisikia filimbi nyingine mbali na ya mwamuzi.

"Sikusikia," Nickson akasema.

Akaulizwa tena, kwa upole, kama maumivu yale hayajamsahaulisha. Akasema anakumbuka vizuri, filimbi ilikuwa moja tu, ya refa. Semeni alikuwa anaangalia dirishani, kule nje ambako majirani zake wa Ujiji walikuwa wanaimba. Wana watoto watatu katika mtaa ule. Nilimwelewa palepale, na nikamchukia palepale. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amelala juu yangu akapasuliwa kichwa kwa ajili yangu. Sikujua niiweke wapi hasira yangu.

Akabaki Gervasi.

Alikuja bila lile koti, amevaa shati jeupe la kwendea kanisani. Alisimama mbele ya meza na kuapa.

"Filimbi ilikuwepo," akasema. "Niliipuliza mimi."

Ukumbi ukalipuka. Wajumbe walianza kuulizana, polisi mmoja akachungulia mlangoni. Mimi nilifunika uso nikalia. Ilikuwa imeisha. Nilikuwa mkweli mbele ya watu, jina langu limerudi, na ubavu ule ungepona.

"Niliipuliza," Gervasi akaendelea, "kwa sababu niliagizwa."

Mwenyekiti akamuuliza na nani.

"Na mwalimu huyu. Alinifuata mwaloni asubuhi ya mechi. Akasema Ujiji wakitaka kufunga nipulize, yeye atajua la kufanya."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamtazama. Alikuwa anamtazama mwenyekiti, macho makavu kabisa, na mimi ndipo nikaona hesabu yote. Kama mlezi alipuliza kwa kosa lake, klabu inanyang'anywa mchezo. Kama refa ndiye aliyepanga na kumtumia mzee asiyejua sheria, refa anafungiwa, mechi inarudiwa, na mitumbwi inabaki salama. Sijui nani alimfundisha. Huenda ni Elikana, huenda ni hofu yenyewe.

Nikasema ni uongo. Mwenyekiti akaniomba nikae, akauliza kama yupo aliyeniona Kibirizi. Yupo. Veneranda akaitwa kutoka nje, akaingia na kitenge kingine, akasema ndiyo, alimwona mwalimu na nahodha nyuma ya chanja, wanazungumza kwa sauti ya chini. Akaulizwa ni siku gani. Akasema ni siku hizi hizi za mbalamwezi. Hakudanganya. Alisema alichokiona na akaishia hapo.

"Mwamuzi," mwenyekiti akaniuliza, "ulikwenda Kibirizi?"

Nikasema ndiyo, lakini Jumanne, baada ya mechi.

"Kumfuata shahidi kabla ya kikao."

Nikasema ndiyo. Wajumbe wote wakaandika.

Akaniuliza asubuhi ya mechi nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa Ujiji, nyumbani kwa Nickson, tunakula maandazi ya Semeni, kisha tukaongozana uwanjani. Mwenyekiti akamgeukia Nickson. Watu wote wakamgeukia Nickson. Yeye akawa anaangalia sakafu, na Semeni amemshika mkono kwa mikono yote miwili. Mwenyekiti alisubiri, halafu akasema kikao kimesikia.

Gervasi aliruhusiwa kurudi kwenye kiti chake. Njia yake ilipita mbele yangu. Akainama, na kwa sauti ya kunihurumia, sauti ile ile ya nyuma ya chanja, akaninong'oneza.

"Nisamehe, mwalimu. Wewe una kwenu."

Nimepigwa mateke sikujibu ila kwa meno. Nimepigwa kofi nikainama. Nimezamishwa nikatema mate tu. Katika miaka yote ya kipyenga nimewatoa nje watu kwa kosa la kurusha ngumi, na wanafunzi wangu nawaambia mkono ni wa mpumbavu. Basi msikilizeni mwalimu wenu. Kiti nilichokalia kilikuwa cha chuma. Nilisimama, nikakishika kwa mgongo wake kwa mikono miwili, nikakipandisha, na nikakishusha kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo.

Sikuteleza, wala hakuna aliyenisukuma. Nilimlenga.

Kilimpata kati ya sikio na shingo. Alikwenda upande, kichwa kikapiga kona ya meza ya kamati, akaanguka kifudifudi. Shati jeupe likaanza kubadilika rangi kwenye ukosi. Mimi bado nilikuwa nimeshika kiti. Nilikuwa nimekiinua tena.

Polisi akanidaka kwa nyuma. Kiti kikaanguka kwa kishindo, ubavu wangu ukakatika kabisa, nikapiga magoti. Nje walikuwa hawajajua kitu, walikuwa bado wanaimba.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, dhaifu, ya mtu anayesimama kwa shida.

"Anadanganya huyo mzee." Ilikuwa sauti ya Nickson. Alikuwa ameutoa mkono wake kwenye mikono ya Semeni na ameshikilia ukuta. "Asubuhi ile dada Asnath alikuwa kwangu. Na filimbi niliisikia, ilitoka nyuma ya wavu. Andikeni, nimesema mimi."

Hakuna aliyeandika. Mwenyekiti alikuwa chini sakafuni, amemgeuza nahodha na kumwekea sikio kifuani, na mkono mmoja ameuinua kutuomba sote tunyamaze.